Bataringaya: Waziri aliyemezwa na msako

Basil Bataringaya, mwana wa Ankole, aliongoza upinzani bungeni kabla ya kuhamia UPC mwaka 1964. Milton Obote akampa wizara ya mambo ya ndani. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971, cheo hicho kikawa mzigo.

Septemba 17, 1972, wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka kutoka Tanzania, wakashambulia kambi ya jeshi ya Mbarara, wakashindwa. Ukafuata msako kama wa wachawi: aliyetajwa ndiye mwenye hatia. Bataringaya akakamatwa, akauawa bila kesi. Mkewe, Edith, aliuawa mwaka 1977.

Leo ukishusha mahindi ya Nakivale sokoni Mbarara, ukasikia mtu akiitwa jasusi kwa lafudhi yake tu, uliza kwanza ushahidi.