Masinde Muliro na Gharama ya Msimamo

Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 kijijini Matili, karibu na Kimilili, katika eneo la Bungoma. Alisoma Tororo, Uganda, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, taasisi kongwe iliyochipuka kutoka chuo kilichoasisiwa mwaka 1829. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshika hatamu Afrika Kusini mwaka 1948. Wanafunzi Waafrika chuoni walikuwa wachache mno. Waliketi darasani pamoja na Wazungu, lakini mabweni na tafrija hazikuwa zao. Yamkini hapo ndipo Muliro alipong'amua kuwa nusu ya haki si haki.

Aliporejea nchini alifundisha, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mtihani wake mkuu ulimfika mwaka 1975. Ingawa alikuwa waziri, aliiunga mkono bungeni ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya J. M. Kariuki. Kura hiyo ilimpotezea uwaziri.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililodai siasa za vyama vingi. Aliaga dunia Agosti 1992, miezi minne kabla ya uchaguzi alioupigania, akazikwa Sikhendu, Kitale.

Chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa Kakamega mwaka 2002 kilipata hadhi kamili mwaka 2007, kikaitwa kwa jina lake. Kwa msomi wa leo, jina hilo ni heshima. Pia ni deni.