WILLIAM CAREY, FUNDI WA VIATU

Katika gazeti la muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu aliyekufa zamani, lakini jina lake lingali linajulikana katika nchi nyingi. Naye ni William Carey. Watu humsifu kwa sababu alifasiri Biblia kwa lugha za Bara Hindi. Mimi nimevutwa zaidi na jambo lililotangulia kazi hiyo, yaani jinsi alivyolisoma agizo moja gumu la Biblia, na gharama iliyolipwa ili lifuatwe. Wenzangu wasio Wakristo wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu, kwa maana kila mtu ana maandiko yake anayopaswa kuyafahamu na kuyatii.

Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti, mwaka wa 1761, katika kijiji cha Paulerspury, Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, kisha akawa mwalimu wa shule ya kijiji. Kijana alipenda kazi ya shamba, ila ngozi yake haikuvumilia jua, basi akapelekwa kuwa mwanagenzi wa fundi viatu. Huko ndiko masomo yake yalikoanza hasa. Alishona viatu huku kitabu kikiwa karibu naye, na kwa miaka michache akajifunza Kilatini, Kiyunani, Kiebrania, Kiholanzi na Kifaransa, akisaidiwa kidogo tu na watu waliozijua lugha hizo. Sisi tunaonung'unika kengele ya masomo ya usiku inapolia, na tumkumbuke fundi huyu.

Mwaka wa 1781 alimwoa Dorothy Plackett, msichana asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka wa 1783 akabatizwa, na baadaye akawa mchungaji wa Wabaptisti katika kijiji cha Moulton. Mshahara ulikuwa mdogo, kwa hiyo alifundisha watoto na kushona viatu pia. Katika chumba chake cha kazi aliunga karatasi nyingi zikawa ramani kubwa ya dunia, akaibandika ukutani. Juu ya kila nchi aliandika idadi ya watu wake na dini yao, kadiri alivyosoma vitabuni. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kiatu aliiona dunia.

Sasa nitaeleza lile agizo. Mwishoni mwa Injili ya Mathayo, Yesu anawatuma wanafunzi wake waende kwa mataifa yote, wawafundishe na kuwabatiza. Wachungaji wengi wa Kibaptisti wa siku zile walisema kwamba maneno hayo waliambiwa mitume peke yao, kwa sababu wao walipewa miujiza na kipaji cha lugha ngeni. Tena walisema kwamba Mungu akitaka kuwaokoa watu wa mbali atafanya hivyo kwa wakati wake, bila kuwahitaji wanadamu wajipeleke. Watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Waliogopa kumpokonya Mungu kazi iliyo yake mwenyewe, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi.

Carey aliwajibu kwa kitabu kidogo kilichochapwa mwaka wa 1792. Hoja yake ya kwanza naiona ni nzuri sana. Alionyesha kwamba kwenda, kufundisha na kubatiza vimo katika agizo moja. Ikiwa kwenda kulikuwa kwa mitume tu, basi kubatiza nako kulikuwa kwa mitume tu, na wachungaji wote waliokuwa wakibatiza siku zile walikuwa wakikosea. Tena, ahadi ya Yesu ya kuwa pamoja na wanafunzi wake hadi mwisho wa dunia imo hapo hapo. Mtu hawezi kujitwalia ahadi na kumwachia marehemu wajibu. Juu ya kipaji cha lugha alijibu kwamba wafanyabiashara hujifunza lugha za wageni kwa ajili ya faida, na mtu wa kawaida akijitahidi mwaka mmoja au miwili ataweza kufahamika. Na juu ya fedha, alitaja watu walioacha kununua sukari ya visiwa vya West Indies kwa sababu ililimwa na watumwa. Aliona kwamba fedha walizookoa zingeweza kutumiwa katika kazi hii.

Tarehe 2 Oktoba, mwaka huo huo, wachungaji wachache walikutana katika mji wa Kettering, wakaanzisha chama cha kupeleka wahubiri ng'ambo. Waliahidi kutoa paundi 13, shilingi 2 na peni 6. Chama hicho ndicho kilichopeleka watu wake Kongo kuanzia mwaka wa 1878.

Hapa ndipo penye uzito. Carey alipojitolea kwenda Bara Hindi, Dorothy alikataa. Alikuwa mja mzito, na hakuwahi kukaa mbali na kwao. Mumewe akaanza safari na mtoto mmoja tu, lakini safari ile ilikwama kabla hawajaiacha Uingereza. Akarudi nyumbani, na Dorothy, akiwa ametoka kujifungua, akashawishiwa kukubali kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Walisafiri mwezi wa Juni 1793 kwa meli ya Kidenmark, wakafika Bengal mwezi wa Novemba. Kampuni ya Waingereza iliyotawala huko haikutaka wahubiri, kwa hiyo Carey akashika kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati. Mwaka wa 1794 mtoto wao Peter, wa miaka 5, akafa. Tangu wakati huo akili za Dorothy zilizidi kuharibika, na hazikupona mpaka alipokufa mwaka wa 1807. Carey alimtunza nyumbani, akifasiri Biblia katika chumba cha pili huku mkewe akipiga kelele.

Mwaka wa 1800 alihamia Serampore, mji uliotawaliwa na Wadenmark, pamoja na Joshua Marshman na William Ward. Desemba mwaka huo, miaka 7 baada ya kufika, alimbatiza Mhindu wa kwanza, seremala aitwaye Krishna Pal. Hapo likaja swali jingine gumu. Je, Wakristo wa tabaka la juu na la chini wale meza moja? Wenzake na Carey waliona kwamba kanisa lenye meza mbili limeikana Injili yake, basi wote wakala pamoja.

Agano Jipya la Kibengali lilitoka mwaka wa 1801, na baadaye Biblia nzima katika lugha sita. Usiku wa tarehe 11 Machi, 1812, nyumba ya kupigia chapa iliungua, na miswada ya miaka mingi ikawa majivu. Carey alianza upya. Mwaka wa 1818 yeye na wenzake walianzisha chuo cha Serampore, ambacho kipo hata leo.

Mwaka wa 1829 serikali ilipiga marufuku desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume zao. Carey aliipinga desturi hiyo miaka mingi, kama alivyoipinga Mhindu mashuhuri Ram Mohan Roy. Amri ilimfikia Carey Jumapili ili aifasiri kwa Kibengali. Akaacha kwenda kuhubiri, akaifasiri siku ile ile, kwa kuwa kuchelewa siku moja kungeweza kumwua mtu. Aliielewa Sabato kuwa ni siku ya kuokoa uhai. Alikufa Serampore tarehe 9 Juni, 1834.

Sisi wa kidato cha nne hubishana sana bwenini juu ya aya za namna hii. Mimi naona Carey alilisoma agizo lile kwa haki, maana hakukubali kuligawa, nusu yetu na nusu ya wafu. Lakini siwezi kumsifu bila kumtaja Dorothy. Carey aliuchagua mzigo wake; Dorothy alitwishwa. Wengine watasema kwamba bila mateso hayo Biblia isingefasiriwa. Sina hakika. Labda kazi ingengoja mwaka mmoja, au angekwenda mwingine asiye na mke mwenye hofu. Basi, yeyote kati yetu atakayekuwa mchungaji, shehe, mwalimu au mzazi, akilifahamu agizo gumu na kutaka kulifuata, na ajiulize kwanza ni nani mwingine atakayebeba mzigo huo pamoja naye, na kama mtu huyo ameulizwa akaachiwa nafasi ya kukataa.