Wilfred Owen: Mshairi wa Hofu ya Askari

Wilfred Owen alizaliwa tarehe 18 Machi 1893 mjini Oswestry, Uingereza, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipokosa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, alielekea Bordeaux, Ufaransa, mwaka wa 1913 kufundisha Kiingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimkuta huko, naye hakuharakia kujiunga na jeshi. Alijiandikisha Oktoba 1915.

Januari 1917, akiwa afisa mchanga, yeye na askari wake walibanana kwa takriban saa 50 katika shimo lililojaa maji huku makombora ya Wajerumani yakiwamiminikia. Mlinzi wake mmoja alipofuka. Mwezi wa Aprili kombora lilimrusha hewani, kisha akalala siku kadhaa karibu na mabaki ya afisa mwenzake. Mwili ulisalimika, akili ikatikisika. Mshairi Robert Graves, aliyefahamiana naye, aliandika baadaye kwamba mkuu wa kikosi alimdhania Owen kuwa mwoga, na kwamba dhana hiyo ilimtesa.

Juni 1917 alipelekwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Huko alikutana na Siegfried Sassoon, mshairi aliyekuwa amevipinga vita hadharani. Chini ya uelekezi wake Owen aliacha lugha ya mapambo aliyoizoea, na Oktoba akaandika rasimu ya Dulce et Decorum Est. Msomaji aliyelelewa na mashujaa wa Utendi wa Tambuka atashangaa: askari hawa wanachechemea, wamechoka, na gesi ya sumu inapowafikia, mmoja anachelewa kuvaa barakoa. Nafsi-neni hana la kufanya ila kumtazama, na anaendelea kumwona ndotoni. Kauli ya Horace inayotukuza kifo cha anayeifia nchi yake, ambayo ndiyo chimbuko la anwani, inageuka kejeli kali. Uzalendo uliohubiriwa na walio mbali na mahandaki haupati pa kusimama.

Hofu hiyo imeingia hata katika vina. Katika Strange Meeting konsonanti zinalingana ilhali irabu zinatofautiana, kana kwamba mtunzi wetu angelinganisha kata na kiti. Wanamapokeo wangeliita guni. Kwa maoni yangu, sikio linalosubiri kina kamili na kukikosa linahisi wasiwasi uleule wa askari anayesubiri kombora.

Hata hivyo, Owen alirudi vitani mwaka wa 1918. Hakurudi kwa ajili ya bendera. Alitaka kuwa na vijana aliowaongoza na kuyasema mateso yao. Ushujaa wake katika mapigano ya Oktoba karibu na Joncourt ulimpatia nishani ya Military Cross. Tarehe 4 Novemba aliuawa kwenye mfereji wa Sambre-Oise, akiwa na umri wa miaka 25. Simu ya maandishi iliwafikia wazazi wake tarehe 11, siku vita vilipokoma.

Alikuwa amechapisha mashairi machache mno. Diwani yake ilitoka mwaka wa 1920. W. B. Yeats alimwacha nje ya mkusanyiko aliouhariri mwaka wa 1936, akishikilia kuwa mateso ya kuvumiliwa tu si maudhui ya ushairi. Ni vigumu kukubaliana naye. Aliyeyaandika mateso hayo aliyajua, akayaogopa, na bado akayarudia kwa miguu yake.