Kivoi wa Kitui: bosi aliyebeba biashara nzima kichwani, halafu akadedi njiani

Toa kitambulisho chako ucheki hapo juu. Jamhuri ya Kenya. Hiyo jina ilifika kwa vitabu vya wazungu kupitia msee mmoja wa Kitui ambaye wengi wetu tulimsoma shule ya msingi, tukaandika kwa mtihani, tukamsahau kabla ya kufika hao. Anaitwa Kivoi.

Wacha tuanze na ile kitu walimu walitudanganya nayo: Kivoi hakuwa chifu. Wakamba wa enzi hizo hawakuwa na mfalme wala chifu wa kuamrisha watu. Kila utui, yaani ule mtaa wa jirani kwa jirani, ulikuwa na wazee wake na mambo yaliamuliwa kwa kikao. Ukitaka watu wakufuate ilibidi uwe na sababu ya kufuatwa. Kwa vita na kwa uwindaji kulikuwa na muthiani, kiongozi wa msafara, na kazi yake ilikuwa kupeleka watu mbali na kuwarudisha wakiwa hai na wakiwa na kitu mkononi. Ukirudisha watu mikono mitupu mara mbili mfululizo, mara ya tatu unajikuta unaenda peke yako.

Kivoi alikuwa noma kwa hiyo kazi. Kufika miaka ya 1840 jina lake lilijulikana kutoka Kitui hadi Mombasa. Alikuwa na mali, alikuwa na mbogi kubwa, na tuseme ukweli wote, alikuwa na watumwa pia. Hiyo haifutiki eti kwa sababu msee ni shujaa wetu.

Sasa alifikaje hapo? Jibu ni njaa.

Kama una shosho Kitui ama Makueni unajua hii stori bila kuambiwa. Mvua ya kule inategemewa zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba, na ikigoma, mahindi inakauka ikiwa kwa goti. Wazee husimulia kwamba Wakamba walikaa kwanza milima ya Mbooni, ambayo leo iko Makueni. Huko juu kuna baridi na maji, chakula kinakubali. Watu walipozidi wakashuka, wengine wakavuka mto Athi wakaingia Kitui. Ardhi ya Kitui ni kubwa lakini jua ni la bure. Huwezi kutegemea shamba peke yake ukiwa huko, utakufa.

Kwa hiyo wakaunda mfumo. Unaitwa kuthuua. Ukame ukishika, watu wa boma wanabeba walicho nacho wanaenda kwa majirani wenye mvua, Kikuyu, Embu, Mbeere, Tharaka, wanabadilishana na chakula. Unapeleka mishale, sumu ya mishale, minyororo ya chuma, dawa, ngozi. Unarudi na nafaka na maharagwe. Hakuna mtu alingojea serikali ilete magunia, serikali yenyewe haikuwepo. Kila mtu alijua njia, kina mama walijua, vijana walijua, na kila boma lilikuwa na mtu wake upande ule mwingine. Mara nyingi hao watu walikuwa wamefanya undugu wa damu, kitu ambacho ukikivunja unajilaani wewe na watoto wako. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yao.

Cheki vile shida iligeuka kuwa hasla. Mtu ameenda kutafuta chakula akagundua jirani ana pembe za ndovu na hana haja nazo sana. Huku pwani, Mombasa, kuna wafanyabiashara wanazitaka kama wendawazimu, kwa sababu Ulaya na Marekani watu wanatengeneza vinanda, vitana na mipira ya biliadi kwa pembe. Mkamba yuko katikati. Anajua kuwinda ndovu kwa sumu, anajua njia, na ameshazoea kutembea mbali na njaa tumboni. Ukame mkubwa wa miaka ya 1830 ulisukuma Wakamba wengi hadi karibu na pwani, wakakaa upande wa Rabai. Tayari hapo wana watu wao mwisho wa barabara. Misafara ya mamia ya watu ikawa inashuka na pembe na kupanda na nguo, shanga, waya wa shaba na chumvi.

Kivoi aliichukua hiyo biashara ya njaa akaifanya kampuni. Kampuni bila ofisi, bila karatasi, bila muhuri. Yote ilikuwa ndani ya mtu mmoja: nani wa Embu ana deni, maji iko wapi ukivuka Taru, mzee gani anapewa nguo ngapi ndiyo akuachilie upite, ni tajiri gani wa Mombasa hakuibii kwa mizani. Na usione hiyo safari ni kama kupanda basi pale Machakos Country Bus ukalala hadi Mombasa. Nyika ya Taru haina mto. Unategemea maji ya mvua yaliyobaki kwa mashimo ya mawe, na ukikosea hesabu ya siku moja, mbogi yote inakauka. Halafu kuna majambazi. Halafu kuna wabebaji wanaoanza kunung'unika siku ya tano. Mtu wa kushikilia watu mia mbili hapo katikati ya nyika bila jela na bila mshahara wa mwezi, huyo anajua menejimenti kuliko wengi wenye ofisi pale Upper Hill. Alishikilia kwa tumaini la mgao mwisho wa safari, kwa dawa za mganga ambazo kila msafara ulibeba, na kwa jina lake tu.

Mimi niliacha chuo karo ikiisha, kwa hivyo masomo yangu ya biashara nilipatia mtaani. Bosi wangu wa kwanza alikuwa na duka la simu na alikuwa mkali kama Kivoi. Alijua bei zote kichwani, madeni yote kichwani, nambari ya siri ya kila kitu kichwani. Siku alilazwa hospitali wiki mbili, sisi watatu tulikaa kwa duka tukiangaliana. Hata stoki hatungeweza kuitisha, wauzaji walikuwa wanamjua yeye tu. Alirudi akakuta wateja wamehama. Nimeandika hii stori nikimfikiria.

Turudi Kitui. Mwaka wa 1849 anaingia Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, mmisheni wa kanisa la Waingereza. Ndiye yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa 1850. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akazika mke na mtoto wao mchanga. Akahamia Rabai, na huko ndiko alizoea kuona Wakamba wakipita na pembe. Novemba 1849 akaanza safari ya kwenda Ukambani, akapitia Kikumbulyu, upande wa Kibwezi ya leo ndani ya Makueni, akapanda hadi Kitui kwa Kivoi.

Kivoi alimpokea fiti kabisa, na hapa ndipo unaona akili ya bosi. Wengine wangemuona mzungu na kuogopa, ama kumpora nguo zake wakamuacha. Kivoi aliona kitu kinakuja. Watu wa pwani walikuwa wameanza kuuliza maswali mengi kuhusu bara, na siku wakijua njia wenyewe, Mkamba wa katikati hana kazi tena. Ukiwa na mgeni wa aina hii upande wako, tena watu wanamuona kama mganga mkubwa, una karata ambayo mshindani hana. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini ukitazama vile alivyomtembeza na kumwonyesha watu, ni ngumu kuisoma vingine.

Kivoi ndiye alimwambia habari ya mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu. Tarehe 3 Desemba 1849, hewa ikiwa safi baada ya mvua, Krapf akauona kutoka Kitui, vilele viwili kama pembe. Kikamba kiliuita Kiinyaa. Krapf akaandika vile alisikia, na ndio hiyo Kenya. Ulaya walimcheka, wasomi wa jiografia waliokuwa hawajawahi kukanyaga huku wakasema theluji haiwezi kukaa kwa ikweta. Walikuja kunyamaza baadaye sana, baada ya Joseph Thomson kufika karibu na huo mlima 1883.

Krapf akarudi Rabai. Mwaka wa 1851 akaja tena, mara hii akitaka kufungua kituo cha misheni kule Yatta. Haikumwendea poa, akaenda kwa Kivoi. Kivoi alikuwa anapanga safari ya kuelekea mto Tana, na Krapf alitaka sana kuuona huo mto. Wakaenda pamoja.

Ilikuwa Agosti. Walikuwa wamebakisha mwendo mfupi tu kufika mtoni wakati majambazi walitokea. Hakukuwa na vita ya maana. Kivoi aliuawa hapo hapo na watu wake wa karibu kadhaa, na wale wengine wakahepa kila mtu njia yake.

Ebu simama hapo kidogo. Hii ni mbogi ya watu waliozoea nyika, wanajua kupigana, wana mishale ya sumu. Lakini hakuna mtu alisema tukusanyike pale. Hakuna namba mbili. Hakuna aliyejua mkubwa akianguka nani anashika usukani, kwa sababu hakukuwa na usukani mwingine. Msafara uliochukua siku na siku kuutengeneza ulikufa kwa dakika chache.

Krapf alibaki peke yake porini, hajui njia. Alifika Tana akiwa na kiu ya kufa, na kwa sababu hakuwa na chombo akajaza maji kwa mitutu ya bunduki na kwa kifuko cha ngozi cha darubini yake. Alitembea usiku, mchana anajificha. Njaa ilimfikisha pahali pa kula majani na mchwa. Mwishowe akakutana na Wakamba na akarudishwa kwa boma la Kivoi.

Huko ndiko ilikuwa soo kubwa. Ndugu za Kivoi walimuuliza ilikuwaje yeye anarudi na Kivoi harudi. Kama ni mganga kweli, mbona hakumlinda rafiki yake? Na kama ni rafiki kweli, mbona hakufa naye? Kulikuwa na mazungumzo ya kumuua. Sisi tukisoma leo tunaona ni ukatili, lakini jiweke kwa viatu vyao. Mtu aliyekuwa akileta kila kitu amekufa, hakuna wa kuwaeleza madeni yako wapi wala pembe ziko kwa nani, na mbele yao amekaa mgeni ambaye ndiye kitu pekee kipya kwa hiyo safari. Boma lililopoteza kichwa linatafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta wa kuongoza. Na jambo lingine: miaka miwili nyuma Krapf alikuwa mgeni wa heshima hapo hapo. Heshima yake yote ilikuwa imetundikwa kwa Kivoi. Kivoi akianguka, nayo ikaanguka.

Krapf alitoroka usiku, akahangaika, na baada ya vuta nikuvute akafika Yatta na mwishowe Rabai. Wazo lake la misheni Ukambani lilikwama.

Biashara ya Wakamba haikufa siku hiyo, misafara iliendelea na wakubwa wengine walijaribu. Lakini miaka iliyofuata, watu wa pwani walianza kuingia bara wenyewe na bunduki na mtaji, wakinunua pembe moja kwa moja. Ndovu nao walikuwa wanaisha karibu. Halafu uvamizi na biashara ya watumwa vikaharibu ule ujirani wa zamani na watu wa milimani. Mkamba aliyekuwa katikati akajikuta kando. Sisemi Kivoi angezuia hayo yote, hakuna mtu mmoja anazuia soko la dunia. Lakini yeye alikuwa ameanza kusoma rada mapema, na yale aliyosoma alizikwa nayo.

Ile kuthuua, kwa upande mwingine, haikuwa ya mtu. Mwaka wa 1898 na 1899 ilikuja njaa ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Reli ya Uganda ndiyo ilikuwa inapita Kibwezi na Makindu, mvua ikagoma, ng'ombe wakaisha, na watu walikufa wengi sana. Kivoi alikuwa amelala karibu miaka hamsini. Hakukuwa na bosi wa kuongoza chochote. Lakini wale walioweza kusimama walifunga mizigo wakafuata njia zile zile za nyanya zao kuelekea kwa majirani wa milimani, mke na mtoto na ndoo ya mwisho ya vitu vya kubadilisha, kila boma likikumbuka jina la mtu wake upande ule mwingine. Wengine hawakufika. Wengine walifika, wakaolewa huko, wakabaki huko, na ndio maana hadi leo ukienda Embu ama Kirinyaga kuna boma ukibisha hodi unaambiwa nyanya yetu alikuja na njaa kutoka Ukambani.