Lillian Wald, muuguzi aliyehamia kwa wagonjwa wake

Mwezi wa tatu mwaka 1893, mjini New York, muuguzi mmoja kijana alikuwa akifundisha akina mama wahamiaji namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa. Mtoto msichana akaingia, akamuomba aende kwao, mama yake ni mgonjwa. Wakatoka pamoja kwenye mvua.

Walikofika palikuwa vyumba viwili tu. Humo walilala watu saba wa familia moja, na wapangaji juu yao. Baba alikuwa kilema. Mama alikuwa amejifungua, na ile damu iliyomtoka ilikuwa kitandani siku mbili nzima. Lillian Wald akamuosha, akamtandikia upya. Alikuwa na miaka 26, amemaliza shule ya uuguzi mwaka 1891, na wakati huo alikuwa anasomea umunganga. Chuoni hakurudi tena.

Kilichomsumbua si ugonjwa wenyewe. Hospitalini alikuwa ameona wagonjwa wengi, lakini pale mgonjwa analetewa maji, shuka na chakula. Kumbe nyumbani hakuna hata kimoja! Jambo hilo hakuna aliyemfundisha darasani.

Basi mwaka ule ule yeye na Mary Brewster, rafiki yake wa masomo, wakahamia kuishi katika mtaa ule wa maskini, Lower East Side, kati ya Wayahudi waliotoka Urusi na wahamiaji wengine. Mwaka 1895 tajiri Jacob Schiff akawapatia nyumba kwenye Henry Street, namba 265. Mgonjwa aliye na feza kidogo alilipa kidogo, asiye nayo alihudumiwa bure. Tena mtu yeyote aliweza kumuita muuguzi moja kwa moja, bila kungoja munganga amtume. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Kupanda na kushuka ngazi za magorofa kulichosha, kwa hiyo wauguzi walizoea kupita juu ya mapaa, kutoka nyumba hadi nyumba, mkoba mkononi. Mwaka 1913 walikuwa wamefika 92.

Kulikuwa pia habari ya watoto waliofukuzwa shuleni kwa sababu ya upele au macho mekundu. Walirudishwa nyumbani, na huko hakuna aliyewatibu, kwa hiyo walibaki wakicheza barabarani na wale wale waliokatazwa kukaa nao darasani. Mwaka 1902 Wald akatoa muuguzi mmoja, Lina Rogers, kwa mwezi mmoja wa majaribio kwenye shule nne. Aliwatibu watoto, akafuata wazazi nyumbani kuwaonyesha dawa inavyopakwa. Mji ukaona faida, ukaanza kuajiri wauguzi wa shule.

Wanafunzi wa uuguzi nao wakaletwa Henry Street kufanya staji, hasa wale wa Teachers College. Mwanafunzi wa ITM aliyewahi kutumwa kutembea nyumba kwa nyumba kwenye kartie za Bukavu au Bunia anajua walikutana na nini: unamwambia mama achemshe maji, naye makala hana. Hapo ndipo unaanza kuuliza nani anapika, nani anatafuta, maji yanatoka wapi. Wald aliona maswali hayo ni uuguzi kamili, wala si kazi ya pembeni, na mwaka 1912 akawa rais wa kwanza wa shirika la taifa la wauguzi wa afya ya jamii.

Hakupendwa na wote. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza alisimama kuipinga wazi, na baadhi ya matajiri waliomsaidia wakafunga mikono. Hakubadilisha neno. Homa kubwa ya mwaka 1918 ilipoingia New York, ni yeye waliyemuita kuongoza kamati ya dharura ya wauguzi.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1940, huko Westport, Connecticut. Nyumba namba 265 ingali mahali pake.