Roosevelt: Mlinzi wa Wanyama Aliyeshika Bunduki

Msomaji apitaye leo Membley, pale Ruiru, kwenye njia iendayo Thika, huona majumba, maduka na magari. Si rahisi adhani kwamba karibu na hapo viboko na chui walikuwa majirani wa watu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka katika urais wa Marekani, alifikia Shamba la Juja, mali ya tajiri McMillan, karibu na makutano ya mito ya Nairobi na Ruiru. Hapo alimpiga kiboko, na mwanawe Kermit akaua chui.

Alikuwa mtu wa namna gani huyu?

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, mtoto dhaifu mwenye pumu, lakini mpenzi wa ndege na wadudu hata akajitengenezea makumbusho yake mwenyewe nyumbani. Mwaka 1883 alikwenda nyika za Dakota kuwinda baisani, yule nyati wa Marekani, akamtafuta kwa taabu siku nyingi. Mnyama aliyekuwa mamilioni kwa mamilioni alikuwa amemalizwa na wachuuzi wa ngozi. Baada ya miaka michache wakabaki mamia tu. Februari 14 mwaka uliofuata mama yake na mkewe wakafariki siku moja, nyumba moja, naye akarudi Dakota na msiba wake kufuga ng'ombe.

Yale ya baisani hakuyasahau. Alishika urais mwaka 1901, na mwaka 1903 akakiwekea ulinzi kisiwa cha Pelican huko Florida, ambako mwari walikuwa wakiuawa ili manyoya yao yapambe kofia za mabibi. Hadi anaondoka madarakani alikuwa ameacha hifadhi za ndege 51, mbuga za taifa tano na misitu 150 ya serikali.

Kisha huyo huyo akashuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 na masanduku ya bunduki! Waliombebea bunduki ni Muhamed na Bakari, hemani akihudumiwa na Ali, farasi wake akiangaliwa na Hamisi. Majina ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Yeye na Kermit waliua wanyama 512. Alijitetea kwamba karibu wote ni wa makumbusho ya Washington, ili wataalamu wawasome. Hoja hiyo ina uzito wake, ila haifiki hadi Lado.

Lado ni nchi ya ukingo wa magharibi wa Nile, ambayo leo iko Uganda na Sudan Kusini. Roosevelt alifika huko Januari 1910 kumtafuta kifaru mweupe wa kaskazini. Alijua vyema kwamba ndugu zake wa Afrika Kusini walikuwa karibu kwisha, na hata hivyo baba na mwana wakaua tisa. Yawezekana alidhani waliobaki wangetosha. Ndivyo walivyodhani na wawinda baisani.

Si haki kumtwika lawama yote. Walioangamiza kifaru huyo ni majangili wa miaka ya baadaye, wakati pembe za vifaru zilipouzwa Asia ya Mashariki kwa dawa na Yemen kwa mipini ya majambia. Wale wa Afrika Kusini, waliobaki makumi tu, walilindwa, na leo wamepita 15,000.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919. Kifaru dume wa mwisho wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, huko Laikipia, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Wataalamu wanachukua mayai ya Fatu, wanayatungisha kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na kujaribu kuwapandikizia mimba hizo majike wa kusini.