Maisha ya Mwandishi: Shaaban Robert

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo yake Dar es Salaam, aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka wa 1926, na ukarani wa serikali, katika idara mbalimbali, ndio uliomlisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Kalamu ya mchana ilikuwa ya mwajiri. Yake mwenyewe aliishika baada ya kazi. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo. Vita Vikuu vya Pili alivisimulia katika utenzi wa beti zipatazo 3,000. Mwanafunzi azingatie kwamba utenzi huo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, haukutoka kama kitabu hadi mwaka wa 1967. Kusadikika ilichapishwa mwaka wa 1951, lakini Kufikirika, aliyoiandika miaka ya arobaini, ilibaki mswada tu. Hata hivyo, hakungoja mchapishaji ndipo aanze kazi nyingine (kwa maoni yetu, ukakamavu wake unadhihirika hapa kuliko katika umaarufu wake). Alifariki Juni 1962. Kufikirika ilitoka miaka mitano baadaye.